Nduru Iliyotangulia Bao

Mmenitukana wiki nzima na nimesikia. Muuza nyanya mmoja pale soko la Otonglo alinishika mkono wa shati akanikazia macho. "Wewe mwandishi una roho mbaya. Umemwacha mtoto wa watu amesimama mbele ya goli wiki nzima. Kwani hachoki miguu?"

Haya, mama. Leo tunamtoa pale. Lakini nikishamtoa usije ukanilaumu tena.

Na aliyeingia leo asibaki nyuma. Nitamwambia kwa ufupi, halafu tukimbie pamoja. Lorine ni binti wa hapa kwetu Luanda Kotieno, kando ya ziwa, na ndiye kapteni wa timu yetu ya wanawake. Fainali ya Kombe la Maziwa Makuu inachezwa kule Kisumu, uwanja wa Mamboleo, Kenya na Uganda. Bao moja kwa moja, muda wa nyongeza umeisha, penalti zimefika ya tano, na anayeipiga ni Lorine.

Mama yake, Seline, hakwenda uwanjani. Mumewe Absalom, nahodha wa boti ya abiria, alikataa katakata. "Sikuzaa msichana aonyeshe mapaja kwa televisheni," alisema siku Lorine alipoitwa timu ya taifa, na tangu siku hiyo baba na binti hawajakula meza moja. Asubuhi ya fainali alivuka ziwa kwenda Mbita akaapa hatarudi mpaka makelele ya mpira yaishe. Seline alitii nusu. Kisumu hakwenda, lakini aliketi benchi la mbele katika banda la mpira la Wechuli, hapa hapa bichi, leso imekunjwa mkononi.

Lorine akaweka mpira. Akarudi nyuma. Na hapo, nje ya banda, nduru ikapigwa.

"Uuuuwi!"

Banda zima lililipuka. Watu wazima walibebana. Mzee mmoja alipoteza meno yake ya bandia chini ya benchi na hakujali. "Bao! Lorine amefunga! Mama Lorine, simama tukuone!"

Lakini kwenye skrini Lorine alikuwa hata hajapiga.

Mgeni atashangaa. Sisi hatushangai. Luanda Kotieno ina mabanda mawili ya mpira, na hayapati picha kwa wakati mmoja. Banda la Mukhwana, kule juu karibu na barabara, lina sola na antena, na mpira wao hufika mapema. La Wechuli lina dishi, na picha yake huchelewa kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. Kwa hiyo wateja wa Wechuli huwa wanasikia bao kutoka kwa Mukhwana kabla ya kuliona. Wamezoea. Sauti ikitoka nje, wao hushangilia kwanza, kisha hutazama.

Na nduru? Mwanamke wa huku akipiga nduru, unaacha ugali mezani unakimbia na chochote kilicho mkononi. Ni mtu ameshikwa na mamba, ama nyumba inaungua, ama mtu amekata roho. Haipigwi ovyo. Lakini siku hiyo tangu mchana akina mama walikuwa wakiipiga kila Lorine akigusa mpira, kwa furaha tu, wakicheka, na hakuna mzee hata mmoja aliyefungua mdomo kuwakanya. Nduru ilishakuwa ya mpira.

Basi banda likashangilia. Lorine, kwenye skrini, akakimbia, akapiga.

Golikipa wa Uganda akaruka kulia akaupangua mpira.

Mikono iliyokuwa juu ikashuka.

"Aaa-aa," mtu mmoja akasema. "Hiyo ni marudio ya nini?"

"Marudio gani, yawa? Amekosa!"

"Na Mukhwana walishangilia nini?"

"Labda hao ni Waganda wamejificha huko!"

Seline hakuwa anasikiliza. Macho yake yalikuwa kwa binti yake, aliyepiga magoti akavuta jezi juu akafunika uso. Moyo wa mama uliuma, ukauma kweli. Alitaka kuingia ndani ya ile skrini amfunike na leso.

Ndipo nduru ikasikika mara ya pili. Safari hii ilikuwa ndefu, na mwisho wake ilikatika kama mtu aliyeingiwa na maji mdomoni.

Seline akasimama. "Hiyo haitoki kwa Mukhwana."

"Mama Lorine, keti. Unatuzibia."

"Hiyo inatoka ziwani."

"Keti, mama! Uganda wanapiga ya mwisho! Wakikosa bado tuko ndani!"

Aliwaruka miguu akatoka nje.

Jua lilikuwa bado kali juu ya maji. Magugu maji yalikuwa yamesukumwa na upepo tangu asubuhi yakaziba sehemu yote ya mbele ya bichi. Ng'ambo ya magugu, karibu kiasi cha kuita mtu kwa jina na akaitika, Seline aliona boti imepinduka, tumbo juu. Aliona vichwa. Aliona mkono umeinuliwa ukashuka.

Tumbo la ile boti lilikuwa kijani. Rangi hiyo aliinunua yeye mwenyewe Kisumu, na mumewe akaipaka Jumamosi mbili mfululizo.

"Absalom?" alisema, kwa sauti ya kuuliza, kana kwamba yuko mlangoni pake. Absalom si yuko Mbita? Si aliapa?

Bichi ilikuwa tupu. Mbwa tu, na nyavu zimeanikwa. Kila mwenye miguu alikuwa ndani ya banda.

Seline alirudi mbio. Alimjua wa kumtafuta: Mathews, mwendesha boti ya uokoaji ya bichi, aliyekuwa ameketi benchi la pili, kofia ya bendera kichwani. Alimkamata kwenye ukosi wa shati.

"Mathews! Boti imepinduka! Watu wako majini!"

"Wapi?"

"Nyuma ya magugu! Ni boti ya mzee wangu! Washa injini twende!"

Mathews aliinuka. Kisha akasimama hapo hapo, hasogei, uso umekwisha rangi.

"Twende!"

"Mama, boti haina petroli."

"Imeenda wapi? Si jana nilikuona ukiijaza?"

Mathews alitazama kona ya nyuma ya banda, ambako jenereta ya Wechuli ilikuwa ikinguruma.

Hapo ndipo Seline akaelewa. Stima ilipotea saa za mchana, kabla mechi haijaanza. Banda lilipiga kelele, Wechuli akashika kichwa, na Mathews, kijana mzuri, asiyependa kuona watu wakikosa raha, akatoa mtungi wa petroli wa boti ya uokoaji. "Leo nani atazama?" alisema. Watu walimpigia makofi. Seline naye alipiga.

"Zimeni!" Seline alipaza sauti. "Wechuli, zima! Tunataka petroli! Watu wanazama!"

Wechuli ni Mbukusu aliyehamia kwetu na dishi moja na viti viwili, akawa mtu wa watu. Alisikia. Mkono wake ulienda kwenye swichi ya jenereta. Na mkono ukabaki pale.

"Usizime!" jamaa mmoja wa nyuma akafoka. "Wechuli, ukizima navunja hili banda!"

"Penalti moja tu, bana! Moja tu!"

"Mama, dakika moja! Watajishikilia!"

Wasomaji wangu, mimi nimeandika hadithi hii tangu mwanzo wake na sijawahi kuwachukia watu wangu. Siku hiyo niliwachukia. Na nijiulize pia, nikiwa pale, nimeketi, Uganda wanaweka mpira, kombe liko hapo mlangoni, ningesema nini? Sijui. Wewe pia usijifanye unajua.

Wechuli alimtazama Seline, akatazama lile kundi. "Mama Lorine," alisema, "ni msichana wako anacheza..."

"Najua ni nani!"

Kwenye skrini kamera ilikuwa imemrudia Lorine. Alikuwa bado chini, mwenzake amemkumbatia, na macho yake yalikuwa yanatafuta kitu kwenye jukwaa. Seline aliyaona macho hayo vizuri. Kisha akampita Wechuli, akainama, akazima jenereta kwa mkono wake mwenyewe.

Skrini ikawa nyeusi.

Kilichofuata ni aibu, lakini nitakiandika. Nusu ya banda ilitoka mbio, na haikwenda ziwani. Ilipanda kule juu kwa Mukhwana, vumbi nyuma, kuwahi penalti ya mwisho. Wengine walibaki wamesimama hawajui pa kuweka mikono. Wachache, Mungu awabariki, walikimbilia maji.

"Jaketi!" Mathews alilia, tayari ananyonya petroli kwa paipu kutoka kwenye tangi la jenereta. "Leteni jaketi za kuokolea watu!"

"Ziko wapi?"

"Mmezikalia!"

Walitazama chini. Jaketi za rangi ya machungwa zilikuwa zimepangwa juu ya mabenchi, zimelainishwa na makalio ya siku nzima. Mbao za Wechuli ni ngumu, na kila mechi kubwa huwa tunafanya hivyo. Hakuna aliyewahi kuona ubaya. Seline alichukua ile aliyokuwa ameikalia yeye. Ilikuwa bado ina joto.

Maandishi meupe mgongoni yalikuwa jina la boti ya Absalom.

"Wechuli. Hizi umezitoa wapi?"

"Mzee mwenyewe alinipa asubuhi, mama. Haki ya Mungu. Alisema, chukueni, mimi leo sirudi na abiria."

Hakukuwa na wakati wa kumpiga. Walisukuma boti majini: Mathews kwenye injini, Wechuli na jaketi, Seline mbele. Mathews alimwambia ashuke, kazi hii si ya wanawake. Seline akamwambia washa injini uache upuzi, naye akawasha.

Kukata moja kwa moja haikuwezekana. Vijana wawili walishajaribu na mtumbwi wa makasia wakanaswa katikati ya magugu, wanapiga makasia na hawaendi mbele wala nyuma. Ilibidi boti ya injini izunguke kwa mbali, ipite kwenye ncha ya mawe, ndipo irudi. Petroli waliyoiokoa ilikuwa kidogo. Mathews alikuwa anaichungulia kila mara.

Walipokuwa wanazunguka, sauti ilishuka kutoka kwa Mukhwana. Haikuwa ya furaha. Ilikuwa ya watu wengi wanaoguna kwa pamoja.

"Uganda wamefunga," Wechuli alisema, kisha akajuta. "Pole, mama."

"Tazama maji," Seline akasema.

Waliwafikia. Watu walikuwa wamelala juu ya tumbo la boti iliyopinduka, wameshikana mikono, mikono ya huyu juu ya mikono ya yule. Nduru ilishawaishia. Wechuli aliwarushia jaketi, akawavuta mmoja baada ya mwingine kwa kwapa. Fundi wa baiskeli. Mzee na mkewe. Msichana wa shule ya ushonaji, meno yanagongana.

Seline hakuwa anavuta. Alikuwa anahesabu nyuso, anazigeuza, anazitafuta.

"Absalom ako wapi?"

Wote waligeuza macho majini.

"Nimeuliza! Nahodha wenu ako wapi?"

Wa mwisho kutolewa majini alikuwa mwanamke kijana, mja mzito, tumbo limejaa. Alikuwa hayuko juu ya boti. Alikuwa pembeni, amekumbatia mtungi mtupu wa plastiki, wa manjano, na vidole vyake vilikataa kuuachia hata alipowekwa ndani. Seline aliutambua huo mtungi. Absalom hakuwahi kuondoka bila huo.

"Mtungi huu umekupa nani?"

"Ni mzee," yule mwanamke alisema. Aliitwa Shantel, msusi wa Mbita. "Mama, ni mzee alinipa."

"Na yeye?"

Shantel alianza kulia. Mathews akasema mwache apumue, lakini Seline alimshika mabega. "Sema tu. Sikudhuru. Sema."

Akasema. Nami nawaandikia alivyosema, sikuongeza chumvi.

Absalom alikuwa Mbita tangu asubuhi, amekaa peke yake, amefunga redio. Aliposikia watu wakisema mechi imeingia muda wa nyongeza, akainuka. Aliwaambia watu waliokuwa kizimbani, nani anakwenda Luanda Kotieno, mimi navuka sasa, mtoto wangu yuko fainali. Alisema "mtoto wangu" na watu wakacheka, kwa sababu Mbita nzima inajua hasira yake. Wakapanda. Mmoja akauliza jaketi ziko wapi. Absalom akasema maji yametulia, na ni hapa tu, kaeni chini.

Na kweli maji yalikuwa yametulia. Ziwa halikufanya kosa lolote.

"Nilikuwa na bando," Shantel alisema. "Nilikuwa naangalia penalti kwa simu yangu. Kila mtu akataka kuona. Mzee akasema rudini mahali penu, mtatuangusha, rudini. Wakarudi kidogo. Halafu wakaonyesha wachezaji wetu wamejipanga katikati, wameshikana mabega. Nikamwambia, mzee, si huyu ndiye Lorine wako? Nikamgeuzia simu."

"Eeh."

"Akaacha injini, mama. Akasema, hebu nione. Akaja upande wetu."

Seline alifumba macho.

"Tulikuwa sote upande mmoja. Boti ililala tu, polepole, hata sikuogopa mwanzoni. Nikapiga nduru. Nikapiga kwa nguvu zangu zote." Shantel alijifuta uso kwa mkono ulioloa. "Na mkatuitikia! Tulisikia bichi nzima inapiga kelele. Mzee akafurahi. Akasema, mnasikia? Wametusikia. Watu wangu hao, wanakuja. Mimi nilikuwa siwezi kupanda juu ya boti kwa hili tumbo, nilikuwa nateleza. Yeye ndiye alikuwa na mtungi. Akaniambia, shika huu, mimi naogelea nikawaelekeze pa kupita, boti yao iko njiani. Akaingia kwenye magugu."

Mathews alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kofia ya bendera ikaanguka majini. Wechuli alikuwa analia wazi wazi, mtu mzima, kamasi kwa kamasi. Maana wote watatu walijua ile kelele ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya bao ambalo halikuwapo.

"Absalom!" Seline aliita kuelekea kwenye magugu. "Absalom, wuod Ooko, mwana wa Ooko!"

Kijani kitupu. Ndege mmoja mweupe alitembea juu ya majani.

"Absaloooom!"

Ndipo simu ikalia ndani ya leso, ambayo sasa alikuwa amejifunga kiunoni. Vidole vilikuwa vimelowa, vikateleza, simu ikaingia kwenye spika. Sauti ya Lorine ikajaa boti nzima.

"Mama."

"Ee, nyathina, mwanangu."

"Mama, nimekosa. Nimeangusha watu wote."

"Niliona."

"Tuko chumba cha kubadilishia. Hawa wenzangu hawasemi na mimi. Kocha ananiambia si kosa langu lakini haniangalii." Alivuta makamasi. "Mama, na Baba? Aliniona nikikosa?"

Seline alimtazama Shantel. "Hakuona penalti yako."

"Haki?"

"Hakuona."

"Asante Mungu," Lorine alisema, na ilisikika kabisa kwamba mabega yake yameshuka. "Afadhali. Watu wengine wote waone, lakini si yeye. Mama, nipe niongee naye. Nimechoka kununiana. Hata akinitukana ni sawa. Nataka tu kusikia sauti yake."

Wechuli aligeuza uso kando.

"Mama? Ako hapo?"

Huku kwetu mtu aliyepotea ziwani hasemwi amekufa. Hakuna matanga, hakuna kulia kwa sauti, mpaka ziwa limrudishe. Seline hakuwa na neno la kumpa mtoto wake. Kwa hiyo alimpa lile alilokuwa nalo.

"Lorine. Baba yako alikuwa anakuja kukuangalia."

"Anakuja wapi?"

"Hapa bichi. Kutoka Mbita."

Mtoto aliyezaliwa kando ya maji haelezwi mara mbili. Nyuma ya Lorine zikasikika sauti za wasichana wakilia kwa sababu ya mpira.

"Mama, mko wapi sasa hivi?"

"Tuko majini."

"Na yeye?"

"Tunamtafuta."

"Msirudi." Sauti ilikuwa imebadilika. "Mama, unanisikia? Baba anajua kuogelea kuliko watu wote huko. Ako mahali. Ameshika kitu. Msirudi bila yeye. Nakuja, natafuta gari sasa hivi, lakini msirudi!"

Shantel akatoa mguno. Haukuwa wa huzuni. Alijikunja juu ya mtungi, mkono chini ya tumbo, na maji yaliyokuwa sakafuni mwa boti miguuni pake yakaanza kugeuka rangi. Mke wa yule mzee aliinama akatazama, akainua kichwa haraka. "Huyu anatoka damu. Huyu anataka daktari saa hii."

"Mathews," Seline alisema. "Petroli."

Mathews alitikisa tangi. Alilifungua, akachungulia, akalifunga. "Mama, nisikudanganye. Inatosha kurudi kuzunguka ile ncha. Tukiingia kando ya magugu kumtafuta mzee, itaishia hapa, na upepo utatusukuma ndani ya magugu tunaswe pamoja na hawa wote."

"Wale vijana wa mtumbwi?"

"Bado wamenaswa."

"Mtafute mzee," Shantel alisema, meno yameshikana. "Mama, mtafute. Alinipa mtungi. Mimi nitavumilia." Kisha maumivu yakamkata maneno.

Wechuli aliushika mkono wa Seline. "Ni wewe useme, mama. Sisi hatuna mdomo hapa. Ukisema tubaki, tunabaki."

"Mama!" Lorine alilia kwenye simu. "Nani anaongea hapo? Mwambieni abaki!"

Seline alitazama magugu. Aliyatazama kutoka ncha hii mpaka ncha ile, na aliyatazama kama mtu anayetaka kuyakumbuka. Majani yalitikisika mahali pamoja. Huenda ilikuwa upepo. Huenda haikuwa upepo. Ameishi na Absalom tangu akiwa msichana, amemlilia, amemchukia, asubuhi hiyo hata hakumuaga.

Akaweka mkono juu ya tumbo la Shantel. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachosukuma.

"Geuza boti," akasema.

Mathews alifikiri hajasikia. "Turudi bichi?"

"Turudi."

Injini ikawaka. Boti ikawapa magugu mgongo, na Seline aligeuka akaketi akitazama nyuma, simu bado imewashwa mkononi.

"Mama," Lorine alisema, polepole sasa, kwa sauti ya mtu asiyemjua anayeongea naye. "Umesema nini?"